Kosa Lenye Bei na Kosa Lisilo na Bei

Peni 20 ya Uingereza iliyotoka kiwandani mwaka 2008 bila kuandikwa mwaka wowote huuzwa kwa makumi ya pauni, ingawa dukani inanunua kitu cha moja ya tano ya pauni. Royal Mint, kiwanda kinachochapa sarafu za nchi hiyo, kilikadiria kuwa zilizoingia mitaani hazizidi 250,000. Hiyo si idadi ya kuitwa adimu. Upande wa pili kuna sarafu zenye doa au mkwaruzo usio na mfano wake duniani, na hakuna anayezitaka. Kama uchache peke yake ungepanga bei, mambo yangekuwa kinyume. Mnunuzi wa sarafu yenye kosa halipii uchache kwanza. Analipia kosa ambalo chanzo chake kiwandani kinaelezeka.

Tuanze na hiyo peni 20. Tangu 1982 mwaka wake ulikuwa upande wa ua la waridi, na upande wa kichwa cha Malkia haukuwa na tarakimu. Mwaka 2008 ikaja michoro mipya ya mbunifu Matthew Dent, kipande cha ngao ya kifalme kikashika upande wa waridi, na mwaka ukahamishiwa upande wa kichwa. Sarafu huchapwa kwa kubana kisahani kitupu cha madini kati ya mihuri miwili. Mashinani ukafungwa muhuri mpya wa ngao pamoja na muhuri wa zamani wa kichwa. Kila muhuri ulikuwa halali. Ndoa yao ndiyo iliyokuwa batili. Maelezo hayo ndiyo yanayotufundisha kuikagua. Katika sarafu ya kweli hakuna nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mwaka, kwa kuwa muhuri wa zamani haukuihitaji. Aliyekwangua mwaka kwa tupa ataacha pengo na michubuko. Na mwenye peni 20 ya waridi asisumbuke kutafuta mwaka karibu na kichwa: aigeuze tu.

Senti ya Marekani ya 1955, iliyochapwa Philadelphia, inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Zama hizo muhuri wa kazi ulitengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na katikati ukapashwa moto ili ulainike. Muhuri mmoja uliporudishwa ulikaa umezunguka kidogo, kwa hiyo mwaka na maandishi ya pembeni yakatokea mawili mawili, huku uso wa Rais Lincoln, ulio karibu na kitovu cha mzunguko, ukibaki karibu kama kawaida. Zaidi ya 20,000 zilitoka kiwandani, na hata iliyotumika huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Sasa tazama senti nyingine za mwaka huohuo, ambazo tarakimu 5 ya mwisho ina kivuli. Hizo zilichapwa na muhuri uliochakaa. Kivuli chake ni chembamba na hafifu, hakina umbo kamili la tarakimu ya pili, na bei yake ni ndogo mno. Mwaka ni mmoja, zote zinaonekana mbili mbili, lakini sababu ni tofauti, na sababu ndiyo iliyozitenga.

Mtu atapinga kwa kutaja senti ya shaba ya 1943. Mwaka ule shaba ilihitajika vitani, senti zikachapwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini visahani vichache vya shaba vikapita mashinani. Zinazojulikana ni chache mno, na iliyochapwa Denver iliuzwa kwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Je, huo si uchache? Ni uchache, sikatai, lakini umepandisha bei baada ya kosa kuthibitika. Senti ya chuma iliyopakwa shaba ili kudanganya huvutwa na sumaku na ina uzito wa takriban gramu 2.7, ya shaba haivutwi na ina takriban gramu 3.11. Anayechonga 8 ya senti ya shaba ya 1948 iwe 3 hushinda mtihani wa sumaku na mizani, kisha hunaswa na lenzi, kwa sababu 3 yake haifanani na 3 za mwaka ule. Pasipo vipimo hivyo, uchache ungebaki dai la muuzaji.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba bei hizi hupikwa na wafanyabiashara na magazeti. Kwa kiasi fulani ni kweli: peni 20 ilipanda baada ya kutangazwa. Hata hivyo tangazo lilishika kwa kuwa kosa lake linaelezwa kwa sentensi moja, na yeyote anaweza kulihakiki kwa macho. Sarafu iliyokanyagwa na gari ikabonyea haina maelezo ya kiwandani, hata ikitangazwa kila siku. Kwa hiyo unapoonyeshwa sarafu "yenye kosa", muulize muuzaji kosa lilitokea kwenye kisahani, kwenye muhuri au wakati wa kuchapa. Akishindwa kujibu, mlipe thamani iliyoandikwa juu yake, basi.