Mkasi wa Angela Wamai

Uliza vijana wa Makutano hapa Meru nani alitengeneza *Kati Kati*. Anayejua atakutajia Mbithi Masya, mwelekezi. Mwingine atakumbuka sura ya Nyokabi Gethaiga. Mhariri je? Hapo ni kimya. Wamarekani angalau wana Thelma Schoonmaker, ambaye amekuwa akimhariria Scorsese tangu *Raging Bull* ya 1980 na ana Oscar tatu kabatini. Sisi tuna Angela Wamai, na siku hizi akitajwa anatajwa kama mwelekezi aliyewahi kuhariri, ni kama ile kazi ya kwanza ilikuwa stendi ya kungojea matatu.

Mimi naona vingine. Wamai alisomea uhariri Cuba, akahariri *Kati Kati*, iliyotoka 2016 na kushinda tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI huko Toronto. Kisha akaandika na kuelekeza *Shimoni*, iliyofika Toronto 2022 na kurudi na farasi wa shaba kutoka FESPACO, Burkina Faso, 2023. Ziangalie hizo mbili zikifuatana, usiku mmoja kama una bando. Ni swali moja limegeuzwa nje ndani.

Kwenye *Kati Kati*, Kaleche anaamka porini na nguo ya hospitali, hakumbuki kitu. Yeye hajui na sisi hatujui, kwa hivyo tunatembea naye sako kwa bako. Kwenye *Shimoni*, Geoffrey, mwalimu wa Kiingereza, anatoka jela baada ya miaka saba na kupelekwa kijiji ambacho hakutaka kukiona tena. Huyu anakumbuka kila kitu. Ni sisi tu tumefichwa. Anapewa kazi ya ng'ombe, anainamisha kichwa, na Justin Mirichii anamwigiza kama mtu aliyemeza jiwe.

Nimesikia watu wakilalamika eti *Shimoni* iko slow. Slow kivipi? Mwelekezi mwingine angetuwekea kumbukumbu ya utotoni dakika ya kumi, na kinanda cha huzuni juu yake, tujue nani wa kuhurumia. Wamai anatunyima. Tunamwona Geoffrey akishtuka kabla ya kujua kinachomshtua.

Haya mambo nayajua kwa mlango wa nyuma. Tangu niache chuo, unga wangu unatoka kwa video za mazishi na ruracio, Embu na Meru. Kuna familia moja Embu iliniambia nimtoe shemeji fulani kwenye video yote ya mazishi. Nikamtoa. Siku mbili, kompyuta ikichemka kama sufuria. Lakini ukiangalia ile video utaona watu wakigeuza shingo kutazama mahali ambapo hakuna mtu, na kwenye foleni ya kutupa udongo kuna pengo, halafu mama mzee anasogea kando kumpisha hewa. Ukimwondoa mtu, waliobaki wanaendelea kumwonyesha.

*Shimoni* imejengwa juu ya pengo la aina hiyo. Kijiji kizima kinamzunguka Geoffrey kwa umbali fulani, na ule umbali ndio unaotusimulia. Kwa maoni yangu hapo ndipo inaishinda *Kati Kati*, ambayo kuelekea mwisho inaanza kutufafanulia wafu wake mmoja mmoja, kama inaogopa tutaondoka na maswali. (Bado naipenda. Dakika 75, hakuna mafuta ya ziada.)

Na hatuna kisingizio kwamba uhariri hauonekani. Sundance 2020, *Softie*, filamu kuhusu Boniface Mwangi, ilipewa tuzo maalum ya uhariri: Mila Aung-Thwin, Ryan Mullins na Sam Soko, ambaye pia ndiye mwelekezi. *Supa Modo* ya 2018 wengi tuliilia. Tukamsifu Likarion Wainaina, tukamsifu Stycie Waweru, na haki yao. Aliyeamua tulie sekunde gani ni Charity Kuria. Jina lake liko mwishoni, pale ambapo watu huwa washasimama kutafuta viatu.