Mkono Nyuma ya CD4

Bofu, Likoni, mtu aliyetumia vidonge vya VVU miaka mingi hahitaji kuelezwa CD4 ni nini. "Zimepanda?" ndilo swali. Nani alizihesabu, na kwa kitu gani, ni nadra kuulizwa.

Huhesabiwa kwa kingamwili: majimaji ya kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, yasiyotakiwa kuganda barafu hata mara moja. Kingamwili hiyo hushika protini ya CD4 iliyo juu ya seli nyeupe na kuziachilia protini nyingine zote. Imefungwa rangi inayong'aa ikimulikwa na leza, na seli hupita mbele ya leza moja moja.

Asili yake ni panya. Mwaka 1975, Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za wengu wa panya na seli za saratani. Wakapata chotara anayezaana bila kukoma na kutoa kingamwili ya aina moja. Mbinu haikuwekewa hataza, jambo ambalo leo lingewakosesha mawakili usingizi. Nobel ikaja 1984. OKT4, mojawapo ya kingamwili za kwanza za CD4, ilitangazwa 1979, miaka miwili kabla ya ukimwi kuripotiwa Marekani. Chombo kilitangulia ugonjwa.

Lakini kingamwili bora bila mkono bora ni hasara tupu. Chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau hupinduliwa polepole, haitikiswi. Fundi huvuta mikrolita 50 kwa pipeti, hufuta ncha kwa tishu, kisha huishusha hadi chini ya tyubu yenye kingamwili. Damu ikipaka ukuta wa juu haikutani na kingamwili, na seli zake hazihesabiwi. Tyubu hukaa gizani kama robo saa hivi, maana rangi hupauka kwa mwanga; ndipo hutiwa dawa ya kupasua seli nyekundu. Kuna pia monositi, seli zenye CD4 hafifu zinazoweza kujichomeka kwenye hesabu. Kuzitenga, huongezwa kingamwili ya pili, ya CD3, ambayo monositi hazina.

Tangu Kenya ianze 2016 kumpa dawa kila anayekutwa na VVU, bila kungoja CD4 zishuke, kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachotajwa zaidi. Wapo wanaodhani kazi ya CD4 imekwisha. Haijaisha: anayefika kliniki amechelewa, hesabu yake ikiwa chini ya 200, hutakiwa kupimwa pia fangasi ya kriptokokasi, inayoshambulia ubongo. Ncha ya pipeti isipofutwa, huingia damu ya ziada, na hesabu hupanda. Mwenye 190 akisomeka 210, anaweza kurudishwa nyumbani na vidonge vyake bila kipimo hicho.