Maneno Yasemwayo Hayatafsiriki

Wapo wapenzi wa lugha wanaofurahia kukusanya maneno yasemwayo kuwa hayatafsiriki. Mwaka 2004 kampuni moja ya tafsiri ya London iliwauliza wafasiri wapatao 1,000, nao wakalipa nafasi ya kwanza neno *ilunga* la Kichiluba, lugha ya Kongo. Lilielezwa kuwa ni mtu aliye tayari kusamehe kosa mara ya kwanza, kulivumilia mara ya pili, lakini si mara ya tatu. Neno hilo linavutia. Hata hivyo, hukumu yenyewe ina kasoro: maelezo hayo ni tafsiri, na kila ayasomaye huyaelewa. Kilichokosekana ni kisawe cha neno moja, wala si tafsiri.

Kwa maoni yetu, maneno yanayostahili kuogopwa na mfasiri ni yale yasiyo na mvuto wowote, ambayo yaonekana kuwa na visawe tayari. Tuchukue mfano wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Waluguru huita *lukolo* jamaa wanaohesabu nasaba yao kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ni ya lukolo. Asiye wa lukolo hiyo, akipewa mahali pa kulima, hutoa *ngoto*. Mfasiri mwenye haraka ataandika "ukoo" na "kodi", na sentensi yake itasomeka vizuri kabisa.

Lakini "ukoo" hausemi ni wa upande gani. Msomaji aliyezoea nasaba ya baba atadhani kuwa mtoto hurithi ardhi ya ukoo wa baba yake. "Kodi" nayo hutozwa na serikali, au hulipwa na mpangaji kwa mwenye nyumba. Ngoto si hiyo wala si ile: kwa desturi ni malipo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe.

Jambo hili si la mapambo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua hakimiliki ya kimila. Shauri la shamba likifika mbele ya baraza, maneno "alilipa kodi" na "alitoa ngoto" yaweza kumpeleka msikilizaji kwenye hukumu mbili tofauti.

Twashauri basi kwamba katika hati za ardhi neno la wenyeji libaki lilivyo, na lifafanuliwe kwa Kiswahili pale linapotajwa mara ya kwanza. Kiswahili hakitapungukiwa kwa hilo. *Bunge*, *Ikulu* na *ngeli* ni maneno yaliyotoka katika lugha zetu za bara, na leo hakuna ayaonaye kuwa mageni. Kusema kwamba neno halitafsiriki ni kuiacha kazi njiani. Kulipa kisawe kisicholingana nalo ni kuiharibu.