KELELE AU CHENGA? Istilahi za Upigaji Picha wa Anga la Mbali

Mwaka 1880 Henry Draper, daktari wa Marekani aliyeipenda elimu ya falaki, alielekeza darubini yake kwenye nebula ya kundinyota la Jabari, liitwalo Orion huko Magharibi, akaipiga picha kwa muda wa dakika 51. Miaka mitatu baadaye Andrew Common, mhandisi wa Uingereza, alipiga nebula hiyohiyo, na picha yake ikaonyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona hata kwa darubini. Wote wawili hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Leo mtu mwenye kamera ya kawaida na darubini ndogo aweza kuifanya uani kwake, naye anahitaji maelezo ya Kiswahili.

Wafasiri wameanza kumpa maelezo hayo, na juhudi yao yastahili kusifiwa. Hata hivyo, baadhi ya maneno tunayokutana nayo katika tafsiri hizo yametokana na kutazama neno la kigeni, siyo tendo lenyewe. Hatuna nia ya kumlaumu mtu. Tunalotaka ni maneno hayo yapimwe kabla hayajaingia katika vitabu vya shule, maana yakisha kuingia ni shida kuyatoa.

Tuanze na "anga la kina". Kwetu kina ni cha kisima au cha bahari; hupimwa kwenda chini. Kinachokusudiwa ni makundi ya nyota, nebula na galaksi, yaani vitu vilivyo nje ya jamii ya jua letu. "Anga la mbali" latosha, ingawa tunakiri kwamba Zohali nayo i mbali. Mwandishi na aweke mpaka huo wazi mara moja mwanzoni.

Neno la pili ni "mfichuo". Kufichua ni kutoa siri. Katika kamera hakuna siri inayotolewa, bali lenzi huachwa wazi ili nuru iingie kwa muda uliopimwa. Muda huo ndio kiini cha ufundi huu. Kwa kuwa dunia huzunguka, nyota huonekana zikisogea kiasi cha digrii 15 kwa saa. Kamera iliyosimamishwa tuli, yenye lenzi ya milimita 50, hupata kama sekunde 10 tu kabla nyota hazijaota mikia. Kwa darubini ya milimita 500 muda huo hupungua hata kufikia kama sekunde moja. Basi ama kamera ipandishwe juu ya kifaa kinachozifuata nyota, ama zipigwe picha nyingi fupifupi. Mwalimu akisoma "muda wa kupokea nuru: sekunde 10" atajua la kufanya. Akisoma "mfichuo wa sekunde 10" atabaki kuuliza.

Neno linalotusumbua zaidi ni "kelele". Msomaji akiambiwa apunguze kelele katika picha, atatega sikio kwenye kamera. Lakini watu wetu wana neno tayari: televisheni isiponasa mawimbi sawasawa, husemwa inaonyesha chenga. Ni chenga zilezile za mchele, vipande vidogo vilivyotapakaa, na ndivyo picha ya nuru hafifu inavyoonekana. Yupo atakayetujibu kwamba sayansi huliona jambo hili kuwa moja, liwe katika redio au katika picha, na kwamba istilahi moja yafaa zaidi. Hoja hiyo ina uzito katika kitabu cha nadharia ya mawasiliano. Katika mwongozo wa mpiga picha, tunashikilia chenga.

Dawa ya chenga ni kupiga picha nyingi na kuziunganisha. Tendo hili limeitwa "kurundika", neno linaloleta sura ya takataka. Kwa kweli matendo ni mawili: kwanza picha hulandanishwa ili kila nyota iangukie juu ya nyota yake; kisha nuru yake hulimbikizwa na kutafutiwa wastani. Picha 16 zikilimbikizwa hivyo, chenga zitokeazo ovyo hupungua hadi robo. Haba na haba hujaza kibaba, na kulimbikiza ndilo neno la mwenye kuweka akiba. Hapa lugha yetu yaeleza zaidi ya neno la asili.

Kadhalika "picha za giza" zitampeleka mwanafunzi nje kutafuta mahali penye giza, ilhali anatakiwa kuifunika lenzi na kupiga kwa muda uleule na katika joto lilelile, ili dosari za kamera yenyewe zijulikane na kuondolewa. Tunapendekeza "picha za kifuniko".

Mwisho, tumeona tafsiri inayotaja "Pleiades" bila maelezo, kana kwamba Kilimia, kiliyowapa wakulima wetu majira ya kulima, hakina jina kwetu. Hilo ni kosa la kutofungua kamusi.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya usiku, mkononi mwa mtu mwenye kamera, kisha watuandikie ni lipi lililomfaa na ni lipi lililomkwamisha.