Malaika Waliovishwa Beji

Tukisikia picha ya dini wengi wetu tunafikiria ukuta mkubwa wa kanisa na umati mbele yake. Sasa ipo moja ambayo haikuchorewa umati. Inaitwa Wilton Diptych, na tangu 1929 iko National Gallery, London. Ni mbao mbili za mwaloni zilizoungwa kwa bawaba, kila moja kimo chake sentimita 53 tu. Unaifunga kama kitabu, unasafiri nayo, ukifika unaifungua na kupiga magoti. Ilichorwa kati ya 1395 na 1399 kwa ajili ya mtu mmoja, Richard wa Pili, mfalme wa Uingereza. Jina la mchoraji halijulikani.

Mimi nimeijua kitabuni, na kila nikiitazama nagombana nayo. Kushoto mfalme amepiga magoti, nyuma yake watakatifu watatu wanamtambulisha: Yohana Mbatizaji, na Edward na Edmund, ambao enzi zao walikuwa wafalme. Kulia Bikira Maria amembeba Mtoto kati ya malaika 11. Hapo ndipo panaponikera. Malaika wamevaa beji ya kulungu mweupe, ile ile aliyonayo mfalme kifuani! Yaani mbingu nzima imevishwa sare ya bosi, kama watu waliogawiwa fulana za kampeni. Hii ni sala, au ni kujipigia debe mbele ya Mungu?

Lakini mchoraji ni mjanja, bwana. Tazama mikono ya Richard: iko wazi, mitupu, inangoja kupewa. Tazama na ardhi: kwake ni udongo mtupu, ng'ambo ni maua tele. Katikati ipo bawaba, na mfalme hajaivuka. Fedha yake imelipia dhahabu yote ile ya nyuma. Hatua hiyo moja haikuilipia.

Tena juu ya mlingoti wa bendera aliyoishika malaika kuna kitufe kidogo kama kifungo cha shati. Picha iliposafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndani yake kikaonekana kisiwa chenye ngome nyeupe, na mashua baharini. Nani angekiona, kama si yule aliyesogea karibu kabisa kusali?

Mwaka 1399 Richard alivuliwa taji, na 1400 akafa kifungoni. Beji hazikumwokoa. Kilichobaki kinasema nami ni ile mikono.

Waandishi wenzangu, sisi nasi twaandika jicho moja likimwangalia jaji wa mashindano, jingine mfadhili, na mashairi yetu yamejaa beji. Sisemi tuwakimbie, njaa tunaijua. Mchoraji huyu naye alikula kwa mfalme. Alimpa beji zake, ila akamwacha upande ule wa bawaba. Wewe ukiagizwa utenzi wa kusifu, utamwacha wapi bosi wako?