Tafsiri ya 'ukuta wa moto' yawachoma mafundi wa mitandao

Juma lililopita nilikuwa Tala, Kaunti ya Machakos, nikamkuta mpwa wangu, fundi wa mitandao, amekunja uso mbele ya tarakilishi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha ofisi mbili, moja hapo Tala na nyingine Kangundo, kwa njia mbili: waya wa faiba na antena. Njia hizo alikuwa amezipanga kwa mkono. Wachimbaji walipoikata faiba, data iliendelea kusukumwa kwenye waya uliokufa, antena ikikaa bure. Akatafuta mwongozo wa Kiswahili, kisha akaniita.

"Mjomba, hebu nisaidie. 'Uelekezaji wenye nguvu' ndio gani huu? Unataka stima zaidi?"

Mwongozo wenyewe, ni wazi, ulitafsiriwa na mashine na hakuna binadamu aliyeupitia. Nguvu haihusiki hapa hata kidogo. Kinachosemwa ni kwamba vifaa vinapashana habari na kubadilisha njia vyenyewe. Dereva wa matatu wa Tala akisikia Barabara ya Kangundo imefungwa, anaweza kuzungukia Donyo Sabuk na Thika hadi Nairobi; hangoji mwenye gari ampigie simu. Wapo wanaopendekeza 'uelekezaji badilifu', lakini kwangu neno hilo lina doa: mtu mbadilifu hatumwamini.

Halafu kuna huo 'ukuta wa moto'. Kiingereza kililichukua neno hili kwa wajenzi, kwa maana ya ukuta unaozuia moto usienee. Kiswahili kimeugeuza ukawa ukuta unaowaka! Mimi ningesema 'ngome'. Aliyefika Mombasa anajua ngome ina lango, na langoni pana mlinzi anayeamua nani apite. Kifaa hiki hufanya kazi iyo hiyo.

Neno lililonifurahisha ni 'itifaki'. Wakenya tumelizoea kwenye hafla, msemaji akidai itifaki imezingatiwa ili asitaje wakubwa wote. Asili yake ya Kiarabu ni makubaliano, na ndiyo maana inayotakiwa hapa. Katika itifaki ya OSPF, aliyoichagua mpwa wangu, ngome mbili husalimiana, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10. Jirani akinyamaza sekunde 40, huhesabiwa hayupo na njia yake huachwa. Ukiweka 10 huku na 30 kule, ujirani haufungiki. Wasiokubaliana, hawana itifaki. Mwongozo ule, bwana, unaziita hizo sekunde 40 'kipindi cha kufa'. Kwa nini tusiseme 'muda wa kumsubiri jirani'?

Kosa lililomla siku nzima, hata hivyo, lilikuwa dogo zaidi. Mwongozo unatumia 'mlango' kwa vitu viwili: pale waya unapochomekwa, na ile namba ya huduma ambayo mafundi huiita poti. Alipoambiwa 'ruhusu OSPF kwenye mlango', akaanza kusaka namba ya poti ya kufungua. Haipo. OSPF haipandi TCP wala UDP. Husafiri moja kwa moja juu ya IP, ikitambulishwa kwa namba 89. Alitakiwa kuiruhusu pale zinapoingia faiba na antena, basi. Wapo watakaonikumbusha 'kiolesura'. Ni neno zuri kwa kinachoonekana kwenye skrini, lakini tundu la waya lina sura gani ya kuolewa? Naona heri 'mlango' ubaki wa waya, na 'poti' iachwe ilivyo.

Jioni ngome zilisalimiana. Tulipoikata faiba kwa kusudi upande wa mbali, tukahesabu hadi 40, mawasiliano yakahamia antena. Katika daftari lake mpwa wangu hakuandika 'wenye nguvu' wala 'badilifu'. Ameandika 'njia za kujitafutia', nami sikumsahihisha.