Mwanamke wa Kutembea: Njia ya Njinjo katika Fasihi ya Pwani

Kiswahili kina neno lenye nyuso mbili. Mwanamume akisemwa kuwa ni mtu wa kutembea, hufahamika ameona miji na watu, na methali ya “tembea uone” huwa yake. Mwanamke akisemwa hivyo hivyo, waliopo barazani hutazamana. Washairi hawakulizua neno hilo, lakini ni wachache waliojaribu kulisafisha.

Chukua njia itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, ipitayo Njinjo katika bonde la mto Matandu. Wakati wa kiangazi mwanamke asiye na mume, mwenye nauli yake mwenyewe, aweza kutoka Kilwa Masoko alfajiri, akala chakula cha mchana Njinjo na usiku akalala kwake. Hana mgonjwa wa kumwuguza wala deni la kudai. Amekwenda kwa sababu amependa kwenda. Mshairi atamweka wapi?

Vitabu vinavyoijua bara ya Kilwa haviwezi kumpokea. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957, unaieleza nchi hiyo kama uwanja wa vita vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, imejaa pamba, viboko na maji yasiyozuia risasi. Wanawake wake wanazungumza habari za njaa. Kazi zote mbili ni kubwa, na hapana haki ya kuzilaumu kwa kutoandika jambo ambalo hazikukusudia.

Aliyeshuka Kilwa kutoka bara na kisa chake kikaandikwa ni mtoto, Swema, katika kitabu kilichotoka Paris mwaka 1870. Aliuzwa kwa ajili ya deni. Mama yake akaomba kuufuata msafara kwa kubeba pembe, ili tu asiachane na mwanawe; nguvu zilipomwishia akaachwa njiani. Swema alifika Kilwa, akapakiwa jahazi hadi Unguja, akazikwa hai kwa kudhaniwa maiti, kisha akaokolewa. Maneno yake yamepita katika kalamu za mapadri waliokuwa na makusudio yao, na msomaji hana budi kuwa macho. Hata hivyo, yule mama aliyejitwika pembe kwa hiari hajatungiwa utenzi unaomstahiki. Naye ndiye mwanamke wa kwanza wa njia zile aliyekwenda kwa kuchagua mwenyewe, japo aliyoyachagua yalikuwa mauti.

Upande wa pili yuko Sayyida Salme binti Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Huyu alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mjini, wanawake wa daraja yake walitoka usiku, kwa taa na wafuasi. Shambani, Kizimbani na baadaye Bububu, alikuwa bibi wa nyumba yake, bila mume, na kurasa za hapo zina furaha iliyo adimu katika maandishi ya wanawake wa pwani: bahari mlangoni, wageni wanaokuja na kuondoka, siku isiyodaiwa na mtu.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na watumishi wake. Karafuu za mashamba zilichumwa na watumwa, na Salme katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa wa nyumbani kwao kwa hoja zisizoshawishi. Yeye aliondoka Unguja mwaka 1866. Swema alifikishwa kisiwani katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Wahakiki wanaosifu uhuru wa binti wa Sultani hukiweka kisa cha Swema kwenye rafu nyingine, kana kwamba ni bahari mbili. Ni bahari moja, na majahazi yalikuwa yale yale.

Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na vyungu vyake, yu karibu zaidi na msafiri wa Njinjo: alikwenda kwa miguu yake na kurudi na fedha yake. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wenye heshima kubwa, ila heshima ile humfanya mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa hapati nafasi ya kustarehe.

Watungaji wa baadaye hawakusaidia sana. Aghalabu mwanamke akitoka peke yake katika shairi, hupewa mimba au maradhi kabla ya ubeti wa kumi, na ubeti wa mwisho humrudisha kwa wazee akilia. Vina vyaweza kuwa safi na mizani kamili. Hukumu imekwisha kupigwa chapa kabla ya safari kuanza.

Utenzi ni mrefu mno kwa siku moja. Beti nane za shairi zingetosha: maji ya Matandu yaliyopungua, magunia ya ufuta, chai kwa mwenyeji asiyeuliza bwana yuko wapi, vumbi la kurudi, na mlango unaofunguliwa na ufunguo uliokuwa kwenye pindo la kanga tangu alfajiri.